Upande wa Chini

Gurudumu la mbele limelala kama sikio la mbuzi mgonjwa:
ndivyo nilivyoliona kwanza, likiingia Pasua juu ya guta,
trekta dogo la kukatia majani, kijani chake
kimebaki kwenye pembe tu, mkono usikofika,
na Mzee Eliamringi kando, kashika boneti
kama anayesindikiza mtu hospitali.

"Linacheza," akasema.
Nikalishika, nikalitikisa: kok, kok.
"Halichezi, Mzee. Linaning'inia."

Mhasibu wa shule amesema liuzwe kwa kilo.
Mzee ameomba siku tatu.
Ni masika; hapa tunavyoongea, majani yanaota.

Jeki. Pini nje. Washa zilizokuwa tatu
ni moja na nusu, kali kama wembe.
Grisi imekuwa ugoro. Kanankira anafuta kwa dizeli
na kipande cha sketi ya shule, ya nani sikumbuki,
hadi spindo ikajitokeza, nami nikaomba venia.

Kwa juu: milimita kumi na tisa, kamili.
Juu bado ina mistari ya aliyeikereza,
mtu wa kiwanda nisichokijua, wa nchi nisiyofika,
mistari myembamba kama ya kiganja.
Kwa chini: kumi na sita, na kovu.
Chuma hakiliki pande zote.
Hulika pale kinapobebea.

Na ya kushoto imelika kuliko ya kulia.
Nikamwuliza Mzee anakataje.
Akachora hewani kwa kidole: langoni, ukutani,
kona ya bweni, kona ya jiko, kisha ndani, ndani,
mpaka katikati ya uwanja, panapobaki kishungi
kama kinyozi ameitwa nje akasahau kurudi.
"Daima unakunja kulia?"
"Nilioneshwa hivyo."
"Lini?"
Akatazama mlimani, kulikojaa mawingu,
kana kwamba mwaka umeandikwa huko.

Nikachomelea. Mstari mmoja, geuza,
mstari wa pili upande wa pili,
maana chuma ukikipasha upande mmoja kinanuna kuelekea huko.
Nikaifukia kwenye majivu ya mama lishe, ipoe bila haraka.
Saa nane umeme ukakatika.
Mzee akalala kwenye kiti cha trekta, mikono juu ya usukani;
usingizini akaukunja kidogo. Kulia.

Umeme ukarudi na mvua.
Utepe wa chuma ukatoka wa buluu, ukijikunja,
ukamwangukia Kanankira kwenye kandambili, akaruka.
Sasa hapa pana jambo ambalo sikumwambia mtu:
ili iwe duara, ilibidi na juu ipungue.
Mistari ya yule wa mbali ikaondoka na utepe
kwa pumzi moja, na yangu ikakaa mahali pake,
minene kidogo.

Bushi nikazitoa kwenye shaba ya mashine ya kumenyea kahawa
iliyokufa Kibosho kabla sijazaliwa.
Nikatoboa tundu la grisi, ambalo wenye kiwanda hawakulitoboa;
labda hawakufikiri, labda walipiga hesabu.

Gurudumu likazunguka bila kok.
Mzee akainamisha sikio, akangoja,
kama aliyepotelewa na kitu mfukoni.
"Mbwa wa mlinzi watanijuaje?"

Nusu ya fedha leo, nusu mwisho wa mwezi.
"Grisi kila Jumamosi," nikamwambia.
"Na ujaribu kukunja kushoto."
"Nitajaribu."

Mwisho wa mwezi nikaenda mwenyewe kudai.
Uwanja umenyolewa. Nikasimama langoni
nikasoma njia za magurudumu kwenye majani mabichi:
kulia, kulia, kulia tena,
mpaka kwenye kile kishungi cha katikati.

Nikapokea pesa, nikahesabu,
na nyuma ya daftari nikaandika:
ya kushoto, itarudi.